Arusi bila maua ni arusi?



Jumamosi moja baada ya mafundisho ya ndoa, kijana mmoja alinisubiri chini ya mti nje ya kanisa letu hapa Isiolo mpaka wenzake wote wakaondoka. Alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Akaniuliza, "Katekista, arusi bila maua ni arusi?"

Nikaifungua ile karatasi. Ilikuwa hesabu aliyoandikiwa na mpambaji: maua ya mlango wa kanisa, maua ya kila benchi, maua ya gari, ya meza ya keki, ya mkono wa bibi arusi, ya vifua vya wasimamizi, na petali za waridi za kumwagwa njiani na wasichana wadogo. Jumla Sh35,000. Yeye ni fundi wa pikipiki, na siku nyingine hurudi nyumbani na Sh400.

"Kwa hivyo tumeamua kungoja mpaka Desemba ya mwaka ujao," akasema.

Kungoja si dhambi. Lakini hawa wawili tayari wanaishi nyumba moja, na mtoto wao ameanza chekechea. Kwa miaka minne hawajapokea Komunyo Takatifu. Wazazi wa pande zote wamekubali, mahari imezungumzwa na sehemu yake imetolewa, vyeti vya ubatizo na kipaimara viko kwenye faili ya ofisi. Kilichobaki kuwazuia ni maua.

Nilimjibu haraka haraka kwamba maua si kitu, na nikampa siku ya kuja na mchumba wake kuonana na Padre. Jioni nilimsimulia mke wangu. Akacheka, akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Hilo la maua si kitu, mwambie huko huko kanisani. Usiliseme hapa ndani."

Ndugu msomaji, neno hilo lilinikalia rohoni, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Kwa maana mke wangu alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, nawe utaona ni kwa nini.

Hebu kwanza tuulize maua haya yametoka wapi. Vijana wetu wengi hudhani ni amri ya Kanisa, na wazee wetu wengi hudhani ni mambo ya Wazungu tu. Wote wanakosea kidogo.

Maandiko Matakatifu yanajua mapambo ya arusi. Soma Isaya sura ya 61, uone jinsi nabii anavyoifananisha furaha yake na ya bwana arusi aliyejipamba kichwani. Soma Wimbo Ulio Bora sura ya 3, mahali Mfalme Solomoni anapoonekana na taji aliyovikwa na mama yake siku ya arusi. Umeona? Hapo anayepambwa kichwa ni mwanamume. Siku hizi bwana arusi wetu hupewa ua moja la kubandika kwenye koti, naye huona hata hilo limezidi.

Wagiriki na Warumi wa kale nao waliwavika maarusi mashada ya maua na majani. Kwa sababu mashada hayo yalitumiwa pia katika ibada za miungu yao, Wakristu wa kwanza waliingiwa na wasiwasi. Tertuliano wa Karthago, kule Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima mwanzoni mwa karne ya 3 kuwakataza waamini kuvaa mataji hayo, yakiwemo ya arusi. Moja ya hoja zake ni hii: Bwana wetu alivikwa miiba, itakuwaje mfuasi wake avikwe maua? Ni hoja nzito. Lakini Tertuliano alikuwa mtu mkali kupita kiasi, na mwishowe aliwafuata Wamontano. Kanisa halikumfuata huko, wala halikumfuata katika hili la maua.

Miaka kama 200 hivi baadaye tunamkuta Mtakatifu Yohane Krisostomu akiwaeleza waamini maana ya taji la arusi. Alifundisha kwamba taji ni alama ya ushindi, kwa kuwa wawili hawa wamefika kwenye ndoa bila kushindwa na tamaa. Mpaka leo, ndugu zetu wa Makanisa ya Mashariki huwavika maarusi mataji wakati wa ibada yenyewe. Ukipanda basi hapa Isiolo ukaenda hadi Moyale na kuvuka, utawakuta Waorthodoksi wa Ethiopia wakifanya hivyo. Na Wagiriki wana jambo moja linalonipendeza sana. Mataji yao mawili, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mfano wa maua, huunganishwa kwa utepe mmoja. Arusi ikiisha, hayatupwi. Huwekwa nyumbani katika kisanduku, karibu na picha takatifu, ili bwana na bibi wayaone kila siku wanaposali na kila siku wanapokasirikiana.

Je, shada la mkononi na shela jeupe tunaloliona leo? Hilo lina historia yake Ulaya. Tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert, na kichwani hakuvaa taji la dhahabu bali shada la maua ya mchungwa. Desturi hiyo ilikuwapo Ulaya kabla yake, lakini baada ya siku ile ilienea mno. Waliupenda mchungwa kwa sababu huweza kubeba maua na matunda kwa wakati mmoja, kwa hiyo ulikuwa dua ya uzazi. Ndiyo kusema kwamba wale Wazungu nao walikuwa wakiomba kile kile wanachoomba wazee wetu wanapotema mate ya baraka juu ya kichwa cha binti.

Wahindi, ambao wengi wetu tumewaona mijini wakifunga ndoa, hufanya hivi: bibi na bwana huvishana mashada shingoni, kila mmoja akimvika mwenzake. Mara nyingi hutumia lile ua la manjano la marigoldi, ambalo kwa asili si la India bali lilitoka bara la Amerika. Ua la ugenini likapokewa, likawa la nyumbani. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaosema kwamba Mwafrika akishika waridi ameacha utamaduni wake.

Lakini kwa maua hakuna wa kuwafundisha wenzetu wa Pwani. Mwaka 2014 nilikwenda Mombasa kwa semina, nikafikia kwa jamaa anayeishi karibu na Mji wa Kale. Jioni nilimwona jirani yake, mama mwenye wajukuu, ameketi na sinia la matumba ya asumini. Asumini huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, hutungwa kwa uzi, kisha usiku hufunguka yenyewe na kunukia. Pia kuna kikuba: asumini, rehani, vipande vya mkadi, pengine mlangilangi na waridi, vyote hufungwa pamoja, hutiwa marashi na kubandikwa kifuani. Bibi arusi hupambwa nywele kwa asumini, na kitanda cha maarusi hutandazwa maua. Nikamwuliza yule mama kwa heshima, "Bibi, kuna arusi leo?" Akaniambia hakuna. Maua yalikuwa ya nyumbani. Mzee wake alikuwa akitoka msikitini baada ya sala ya Isha.

Niliona haya kidogo. Mimi ni Mkatoliki, katekista, nafundisha watu ndoa ni sakramenti ya maisha yote, na hapo nikawa nafundishwa somo hilo hilo na bibi wa Kiislamu mwenye sinia mapajani.

Tukirudi kwetu, utaona kwamba wazee wetu hawakutegemea maua. Mmeru huanza kuomba binti kwa kifurushi cha miraa iliyofungwa vizuri, akapeleka kwa wazazi wa msichana. Kwa Waborana kuna buna, zile mbegu za kahawa zilizokaangwa kwa samli, zinazoliwa penye baraka. Msamburu na Mturkana watakuambia bila kusitasita kwamba kama ng'ombe dume hakuchinjwa, arusi haikuwapo. Na katika jamii hizi za wafugaji, anayebariki mara nyingi hushika nyasi mbichi mkononi, kwa sababu nyasi ni mvua, na mvua ni uhai wa mifugo na watoto. Hiyo ndiyo lugha ya maua ya nchi kavu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, ulitaka sana desturi njema za kila nchi katika kuadhimisha ndoa zihifadhiwe. Mzee akija na nyasi zake mbichi kuwabariki watoto baada ya Misa, asizuiwe mlangoni eti zitachafua zulia.

Sasa basi, ni kitu gani kinachofanya ndoa? Si miraa, si ng'ombe, si waridi. Kanuni 1057 ya Sheria ya Kanisa inaeleza kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili, ikitolewa kihalali na watu wasio na kizuizi, wala hakuna uwezo wa kibinadamu unaoweza kuchukua nafasi ya ridhaa hiyo. Panatakiwa Padre au Shemasi aliyeruhusiwa, mashahidi wawili, na hao wawili wenyewe. Ndiyo maana hata katika Kwaresima, ndoa ikifungwa kwa sababu ya lazima, inafungwa bila pambo la maua altareni. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yanakataza maua altareni wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Na wakati wa Majilio yanataka yawe ya kiasi. Mwaka mmoja mama mmoja alinikasirikia sana kwa ajili ya agizo hilo, akidhani ni mimi nimelitunga. Altare bila maua haipunguzi ndoa hata chembe.

Na kuna nyakati ambapo upendo wenyewe hutaka maua yawekwe kando. Katika maandiko ya marabi imeandikwa kwamba wakati wa vita vya Vespasiani, majeshi ya Roma yalipoishambulia nchi ya Wayahudi, walikataza mataji ya mabwana arusi. Hawakufuta arusi. Watu waliendelea kuoana, ila walioana kama watu wanaojua jirani yao analia. Sisi tulipitia jambo la namna hiyo katika ukame wa 2020 hadi mapema 2023, mvua ilipokosa kwa misimu mitano mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara ya Merti na Garbatulla. Jumuiya zetu ndogo ndogo zilikuwa zikichanga unga. Katika miezi ile nilisimama kwenye arusi moja nikahesabu ndoo za waridi zilizojaa maji hadi shingoni, na nje ya ua akina mama wamepanga mitungi mitupu. Wale maarusi hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia tu.

Maana waridi hili lina hadithi yake ya maji. Linalimwa hapa jirani, Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na kwa wingi zaidi Naivasha. Hukatwa, huwekwa kwenye baridi, hupelekwa Nairobi na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na mengi hupita kwenye mnada mkubwa wa Aalsmeer, Uholanzi. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua nje kwa wingi kabisa duniani, na mabinti wengi wa parokia zetu wanalisha watoto kwa mshahara wa kukata waridi. Hilo tusilidharau. Lakini mito inayoshuka kutoka mlima ule ndiyo inayojaza Ewaso Ng'iro, na wafugaji wa huku chini wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wakati wa kiangazi mto hukauka kwa sababu maji yamevutwa juu na mashamba. Bibi arusi anapolishika waridi, ameshika jasho la dada yake wa Timau na pengine maji ya ndugu yake wa Merti. Alishike kwa heshima, basi, na lisizidi mkono wake.

Sasa niwaambie kwa nini nilimjibu yule kijana kwa haraka.

Miaka kadhaa iliyopita, katika jumuiya niliyokuwa nikiihudumia, walikuwapo bwana na bibi walioishi pamoja miaka 11. Watoto wanne. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku, mke akiuza mboga. Kila Dominika walikaa benchi la nyuma, na wakati wa Komunyo waliinama. Tulizungumza nao mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: "Tunajipanga, Katekista. Hatutaki arusi ya aibu." Mke alikuwa amekata picha kutoka gazetini, ya bibi arusi ameshika maua meupe yanayoning'inia hadi magotini, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Aliwahi kunionyesha.

Ninakiri mbele yenu kwamba nami nilichangia. Niliwaambia, "Hakuna haraka, jumuiya itawasaidia, tufanye sherehe kubwa itakayowavuta wengine." Nilitaka arusi ya kujivunia. Nilikuwa nikihesabu mahudhurio.

Yule bwana aliugua siku tisa tu, akafariki kabla ya Padre kufika. Kwenye mazishi palikuwa na maua. Jumuiya ilichanga kwa siku mbili, wafanyakazi wenzake wakaleta shada, ukoo ukaleta shada, na la kwetu lilikuwa kubwa kuliko yote, jeupe. Mjane wake aliliangalia kwa muda mrefu. Hakusema neno. Fedha zile zilizopatikana kwa siku mbili zingetosha vyeti, pete mbili za bei nafuu, mchele na mbuzi mmoja, na zingebaki. Hatukuwahi kuzichanga akiwa hai kwa sababu hakuna aliyepita na kofia kusema, hawa wawili wanataka sakramenti.

Papa Fransisko, aliyefariki 2025, aliligusa jambo hili katika wosia wake Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, namba 212. Anawasikitikia maarusi wanaofika siku ya arusi wamechoka kwa mavazi, wageni na karamu, na anataja pia wale wanaoishi pamoja ambao hawafungi ndoa kamwe kwa sababu ya gharama. Anawaomba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti. Niliposoma kwa mara ya kwanza nilidhani ameandikiwa na mtu wa Isiolo.

Ninyi mlio tayari katika ndoa, hili linawahusu kuliko mnavyodhani. Ni ninyi mnaoitwa kusimamia arusi za vijana. Ni ninyi mnaokaa kwenye kamati na kusema, "Arusi ya mtoto wa fulani ilikuwa na hema tatu." Kijana hapati kiwango hicho kichwani mwake peke yake. Kama kuna nyumba katika jumuiya yako inayoishi bila sakramenti, usiwaulize wanangoja nini. Waulize kinachopungua ni kiasi gani.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini kuna lile neno la mke wangu na maharagwe.

Sisi tulifunga ndoa Agosti 2006, wakati Isiolo ilikuwa bado Vikarieti. Imekuwa Jimbo mwaka 2023. Nilikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Timau, akanipatia yale waridi yasiyofaa kupelekwa nje, yenye shina fupi au lililopinda. Yalikuwa mazuri ajabu, mekundu. Yaliwekwa kwenye ndoo juu ya matatu. Gurudumu likapasuka njiani, jua likapanda, upepo wa Agosti mnaujua. Yalipofika Isiolo yalikuwa yameinamisha vichwa kama watoto waliochapwa.

Mtawa mmoja mzee aliyaangalia, akachukua mkasi, akaenda kwenye ukuta wa misheni akakata yale maua mekundu yenye miiba yanayotambaa juu ya kuta, akayafunga kwa utepe. Mke wangu aliingia kanisani nayo. Mwiba ulimchoma kidole, na tone la damu likabaki kwenye glavu nyeupe. Baada ya Misa aliyaweka mbele ya sanamu ya Bikira Maria, kama wafanyavyo maarusi wengi Wakatoliki, kisha akachukua kitawi kimoja akakitia ndani ya kitabu chake cha sala. Kimo mpaka leo, kimekauka, rangi imekwenda.

Mwaka 2018 tuligombana kwa ajili ya karo. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alinyamaza siku nzima, na jioni akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba watoto, tangu yule mtawa akate maua ukutani, hujaniletea hata jani."

Nilianza kuhesabu. Nilikuwa nimeleta unga, sukari, mafuta ya taa, madaftari, dawa. Miaka 12 sikuwahi kuleta kitu kisicho na kazi. Nilikuwa nimewafundisha makumi ya wachumba kwamba mume ampende mkewe kama Kristu alivyolipenda Kanisa, kama anavyofundisha Mtakatifu Paulo katika barua kwa Waefeso sura ya 5, na nyumbani kwangu mapenzi yalikuwa yamegeuka kuwa orodha ya duka. Yesu aliyesema tuyatazame maua ya kondeni, katika Mathayo sura ya 6, alijua kabisa kwamba kesho yatatupwa motoni. Hata hivyo alisema Baba wa mbinguni anayavika. Mungu hahesabu kwamba ua ni hasara eti kwa sababu halidumu.

Kesho yake nilifanya kosa jingine. Nyuma ya nyumba, penye mawe, kuna lile waridi la jangwani, mnalijua, lenye shina nene na maua ya waridi yanayochanua wakati wa kiangazi bila hata jani moja. Nikakata kitawi, nikakipeleka jikoni kwa mikono miwili. Akaniangalia, akaangalia utomvu unaotoka. "Hii wanapaka mishale," akasema. Ni kweli, utomvu wake ni sumu. Akanituma nikanawe kwa sabuni kabla ya kugusa mtoto. Lakini alikuwa anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki hiyo.

Baadaye nilimwagiza mtu aliyekuwa akitoka Mombasa, akatuletea mche wa asumini kwenye mkebe wa samli. Tunaunywesha maji yaliyosuuzia vyombo. Mwaka wa ukame ulibaki vijiti viwili, nikafikiri umekufa. Hautoi maua mengi. Siku utoapo, mimi ndiye ninayechuma, kwa sababu huo ndio mkataba.

Bwana unayesoma ukurasa huu, usiseme huna fedha. Hapa hatuzungumzi fedha. Na wewe mama, akikuletea kitu kibaya kwa mikono miwili, kicheke, lakini kipokee. Mkimaliza kula leo, toeni ile picha ya arusi yenu, muulizane maua yale yalitoka wapi na nani aliyalipia. Wengine mtagundua hamjawahi kusimuliana.

Yule kijana alirudi na mchumba wake siku niliyowapa. Padre alizungumza nao karibu saa nzima. Majina yao yatatangazwa Dominika tatu, na ndoa itakuwa ndani ya Misa ya asubuhi, Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Kamati ya jumuiya imeshapita na kofia. Wakati wa kutoka ofisini msichana alibaki nyuma kidogo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni vibaya akishika waridi tatu tu, nyekundu, za Timau.

Nimemwambia bwana wake azinunue. Na azibebe mapajani, zisipandishwe juu ya matatu.